Je, PS inasikiliza soga za bandani? Jibu kwa mwenye banda la gemu wa Ngamiani

Swali: “Assalaam aleikum fundi. Nina banda la gemu Ngamiani, Tanga: PS4 mbili na PS5 moja, zote nimezinunua mkononi. PS4 moja bado ina akaunti na picha ya mwenyewe wa zamani. Wateja wangu ni vijana na watoto wa shule. Wanaingia kwa akaunti zao, wanatumia Wi-Fi yangu, na wakishakaa, siasa zinachambuliwa mpaka usiku. Mjomba wangu kaniambia mashine hizi zinasikiliza na kupeleka maneno kwa wenyewe, tena kasikia wenye FIFA wamenunuliwa na Waarabu. Ni kweli? Nizime nini? Na VPN niweke?”

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Mjomba wako ana haki ya kushtuka, ila ameangalia pasipo. Anaogopa sikio la mashine, wakati kinachoweza kukuletea balaa pale bandani ni majina: akaunti zilizoachwa wazi, daftari la wateja, na laini ya intaneti iliyosajiliwa kwa alama ya kidole chako. Lakini kauliza habari ya sikio, basi tuanze nalo.

PS4 haina sikio. Ndani ya mashine hakuna maiki, na padi yake, DualShock 4, nayo haina. Ina tundu la milimita 3.5 la kuchomekea hedifoni, basi. Sauti inaingia PS4 kwa kifaa cha kuongeza tu: mtu aunganishe maiki au hedifoni zenye maiki, au uwe na kamera ya PlayStation inayouzwa kando, ambayo ina maiki zake. Kama kamera huna na hakuna aliyeunganisha maiki wala hedifoni, wanaweza kubishana habari za Coastal Union na za Bungeni mpaka alfajiri, PS4 haina inachosikia.

PS5 ni habari nyingine. Padi yake, DualSense, ina maiki ndani, na mara nyingi utaikuta iko wazi. Tazama kitufe kidogo chini ya kitufe cha PS. Ukikibonyeza mara moja kinawaka rangi ya chungwa, maana yake maiki imefungwa. Ukikishikilia kwa muda, kinafunga maiki na kunyamazisha sauti inayotoka pia. Tatizo la kutegemea kitufe peke yake ni kwamba mteja anayefuata atakibonyeza bila kujua. Fungia kwenye mipangilio: nenda “Settings”, kisha “Sound”, kisha “Microphone”, utafute hali ya maiki mtu anapoingia, uiweke “Mute”. Fanya hivyo kwa kila mtumiaji aliyesajiliwa kwenye mashine hiyo, kisha ujaribu kwa kuingia na kutoka.

Maiki kuwa wazi hakumaanishi kwamba unarekodiwa. Sauti inatoka bandani pale mtu anapokuwa ndani ya maongezi ya sauti: kundi la marafiki wa PSN, yaani mtandao wa PlayStation, au gemu lenyewe lenye sauti. Humo ndimo sikio lilimo, na wenyewe hawalifichi. Oktoba 2020 Sony ilieleza kwamba PS5 hutunza dakika 5 za mwisho za maongezi ya kundi, ili anayetaka kumshtaki mwenzake achague kipande cha sekunde 20, kikiongezewa sekunde 10 mbele na nyuma, na kukipeleka kwa wasimamizi. Kwa hiyo mtu asiyekujua, aliyeko Brazili, anaweza kupeleka kipande chenye sauti za banda lako bila kuomba ruhusa yako. Call of Duty ilikwenda mbali zaidi. Tangu 2023 inatumia programu iitwayo ToxMod inayopitia maongezi ya sauti ndani ya gemu na kuokota matusi na vitisho. Mteja anayecheza gemu hilo kwa hedifoni ajue hivyo. Anayecheza mpira na mwenzake kwenye benchi moja, halimhusu.

Kuhusu serikali kusikiliza kupitia gemu, mjomba hakuota. Desemba 2013, katika zile nyaraka za siri zilizovujishwa na Edward Snowden, ilibainika kwamba mashirika ya ujasusi ya Marekani na Uingereza, NSA na GCHQ, yaliingiza watu wao ndani ya World of Warcraft, Second Life na Xbox Live. Mwaka huohuo Microsoft ilikuwa imetangaza Xbox One yenye kamera ya Kinect iliyopaswa kuwa imeunganishwa muda wote, na mashine iliyotaka kuingia mtandaoni kila baada ya saa 24. Watu walipiga kelele, na Juni 2013 sharti la saa 24 likafutwa. Sharti la kamera nalo likalegezwa baadaye. Lakini habari za namna hii pia huvimba. Novemba 2015, baada ya mashambulizi ya Paris, dunia nzima iliambiwa wauaji waliwasiliana kwa PS4. Chanzo kilikuwa kauli ya waziri wa mambo ya ndani wa Ubelgiji, Jan Jambon, iliyotolewa siku chache kabla ya mashambulizi, aliposema mawasiliano ya PS4 ni magumu kufuatilia. Habari ilirekebishwa, lakini marekebisho hayakusomwa na wengi, na mpaka leo utaisikia barazani kama jambo lililothibitishwa. Kwa maoni yangu, habari ya “mashine inasikiliza” iulizwe maswali mawili kabla ya kuaminiwa: sauti inaingia kwa maiki ipi, na inatoka kwa huduma ipi? Habari isiyojibu hayo mawili bado ni tetesi.

Na hao wenye FIFA? Kwanza, jina hilo EA, kampuni inayolitengeneza gemu, hawalitumii tena. Tangu 2023 gemu linaitwa EA Sports FC, ingawa Tanga nzima bado inasema FIFA. Septemba 2025 ulitangazwa mpango wa kuinunua EA kwa dola bilioni 55, wanunuzi wakiwa mfuko wa uwekezaji wa serikali ya Saudia, PIF, pamoja na Silver Lake na Affinity Partners, kampuni ya Jared Kushner, mkwe wa Trump. Hiyo ni siasa, sibishi. Lakini kinachobadilika mkononi ni umiliki wa taarifa za akaunti za EA: barua pepe, tarehe ya kuzaliwa, nchi, manunuzi, saa za kucheza. Kijana mwenye Ultimate Team, ile timu ya kujijengea mtandaoni, ana faili refu huko. Anayecheza Kick Off, mechi ya kawaida, kwa CD bila intaneti hana cha kuchukuliwa.

Sasa tuje kwenye mashine uliyoinunua ikiwa na akaunti ya mtu. Hiyo usiitumie hata leo jioni. Ndani yake kuna ujumbe wake, picha na video alizorekodi, na pengine kadi ya benki aliyowahi kuisajili. Mtoto akibonyeza kununua, pesa inakatwa kwa mtu asiyekujua, naye atalalamika. Ukimpata mwenyewe, mwambie aingie kwa akaunti yake, aende “Settings”, “Account Management”, “Activate as Your Primary PS4”, abonyeze “Deactivate”. Kwenye PS5 ni “Settings”, “Users and Accounts”, “Other”, “Console Sharing and Offline Play”, kisha “Disable”. Hapo ameitenganisha akaunti yake na mashine yako. Kisha ifute. PS4: “Settings”, “Initialization”, “Initialize PS4”, halafu “Full”, si “Quick”. Ya haraka inaondoa orodha tu na kuyaacha mengi kwenye diski. Ile kamili inachukua saa kadhaa, kwa hiyo ianze usiku, na kama umeme wa kwako una tabia ya kukatika, weka UPS. Umeme ukikatika katikati, mara nyingi itakubidi uweke mfumo upya kwa flashi. PS5: “Settings”, “System”, “System Software”, “Reset Options”, “Reset Your Console”.

Usipompata, ingia kwa hali ya usalama (Safe Mode). Zima mashine kabisa, si kuilaza. Shikilia kitufe cha kuwashia. Utasikia mlio wa kwanza, na baada ya kama sekunde 7 mlio wa pili, uachie. Unganisha padi kwa waya wa USB na ubonyeze kitufe cha PS. Hapa ndipo wengi wanapokwama: skrini inasema unganisha padi, na padi imeunganishwa. Ni waya. Nyaya nyingi za bei rahisi zinachaji tu, hazipitishi data, badilisha. Chagua namba 6 kufuta kila kitu. Ikigoma, namba 7 inafuta na kuweka mfumo upya, lakini hiyo inataka flashi iliyofomatiwa FAT32 au exFAT, ndani yake folda PS4, ndani ya hiyo folda UPDATE, na humo faili PS4UPDATE.PUP, yote kwa herufi kubwa. Kwa PS5 badala ya 4 andika 5. Pakua kutoka tovuti ya PlayStation pekee, na uchague faili la kusakinisha upya, maana la kusasisha ni dogo na namba 7 italikataa. Ukilipakua mara mbili, kompyuta itaongeza (1) kwenye jina, na mashine haitaliona. Hilo limewafanya watu watupe flashi nzima.

Kufuta hakukuondolei kila hatari. Sony wanaweza kuifungia mashine yenyewe, si akaunti tu, kwa makosa ya mwenyewe wa zamani, na hakuna kufuta kunakoondoa kifungo hicho. Siku nyingine ukinunua mkononi, ingia PSN kabla hujatoa pesa, na uandike namba ya kiwanda (serial number) iliyo kwenye kibandiko pamoja na jina la aliyekuuzia. Na ile PS4 ya “gemu zote zimo ndani, bure”, mfumo wake umevunjwa. Mbali na kwamba gemu hizo ni za wizi, hakuna anayejua programu gani nyingine imewekwa humo. Asiingie mtu kwa akaunti yake kwenye mashine hiyo.

Akaunti za wateja ndizo zinazonipa wasiwasi zaidi. Kijana anaingia, anacheza, muda unaisha, anatoka bila kujiondoa. Kesho yake mwingine anakuta jina lake. Anabadilisha picha, anatuma matusi kwa marafiki zake, au anauza wachezaji wake wa Ultimate Team. Ugomvi huo unaishia kwako. Kwa asiye na haja ya kuingia mtandaoni, mpe njia ya mgeni: PS4, kwenye ukurasa wa kuchagua mtumiaji, ina “New User” kisha “Play as a Guest”, na akitoka kila kitu chake kinafutika. PS5 nayo ina nafasi ya mgeni pale pale penye watumiaji. Kwa anayetaka akaunti yake, asiandike nenosiri kwa padi mbele ya benchi zima la watazamaji. Aingie kwa kuskani ile alama ya QR kwa simu yake. Akimaliza, afute mtumiaji wake kwenye mashine, au umfutie wewe mbele yake. Kuondoka tu bila kufuta kunaacha mlango umerudishiwa, haujafungwa.

Wape ushauri huu bure, utakulinda wewe pia. Nenosiri la PSN lisiwe la barua pepe. Aprili 2011 mtandao wa PlayStation uliingiliwa na taarifa za akaunti kama milioni 77 zikawa hatarini: majina, anwani, tarehe za kuzaliwa, manenosiri. Huduma ilizimwa zaidi ya wiki tatu, na Januari 2013 mamlaka ya taarifa ya Uingereza ikaitoza Sony faini ya pauni 250,000. Aliyetumia nenosiri moja kila mahali alipoteza zaidi ya gemu. Leo kuna uthibitisho wa hatua mbili: chagua wa programu ya simu, si wa ujumbe mfupi, kwa sababu laini ikiibwa au kusajiliwa upya na tapeli, ujumbe unakwenda kwake. Ukishawasha, PSN inakupa namba 10 za akiba. Ziandikwe kwenye karatasi, zikae nyumbani. Tangu 2024 kuna pia njia ya kuingia kwa kidole au uso wa simu bila nenosiri kabisa, na kwa mtu anayechezea bandani ndiyo bora, maana hakuna cha kuchungulia. Akaunti zako mwenyewe za banda zisiwe na kadi ya benki. Weka vocha, washa kipengele cha kudai nenosiri wakati wa kununua, na kila mtumiaji wako apewe namba ya kuingilia ya tarakimu 4.

Nchi ya akaunti nayo ina mambo yake. Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi zenye PSN rasmi, kwa hiyo karibu kila akaunti iliyoko bandani kwako imeandikwa Marekani, Uingereza, Afrika Kusini au Falme za Kiarabu. Usitegemee kuibadilisha baadaye, na vocha lazima iwe ya nchi ileile. Ukisema wewe ni wa Uingereza, umejiingiza pia kwenye siasa za Uingereza. Sheria yao ya usalama mtandaoni ilipoanza kuuma Julai 2025, Microsoft ilianza kuwaomba wenye akaunti za Xbox za huko wathibitishe umri. Kijana wa Makorora atathibitisha kwa kitambulisho gani? Na vitambulisho vyenyewe havikai salama: Oktoba 2025 Discord, mtandao wa soga wa wachezaji, ilitangaza kwamba picha za vitambulisho vya watumiaji kama 70,000 huenda zilifichuka kupitia kampuni iliyokuwa ikiwahudumia wateja wake. Msimamo wangu ni kwamba kumlinda mtoto kwa kukusanya vitambulisho vya watu wazima wote ni dawa inayoleta ugonjwa wa pili. Upande wa pili, kutokuwepo kwenye orodha kunaumiza vilevile. Mei 2024 Sony ilipotaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta waunganishe akaunti za PSN, gemu liliondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170 zisizo na huduma hiyo, hata kwa watu ambao wasingeidanganya kampuni kwa lolote. Kelele zikawa nyingi, sharti likaondolewa, lakini wakati huo nchi nyingi hazikurudishiwa gemu.

Watoto wa shule, kwa ufupi: wengi hudanganya mwaka wa kuzaliwa, na mashine ikiamini ni mtu mzima inawafungulia maongezi na wageni wote. Kampuni zenyewe zimeshaadhibiwa Marekani kwa habari za watoto. Epic ya Fortnite ilikubali Desemba 2022 kulipa dola milioni 275 kwa kosa hilo, na Microsoft Juni 2023 dola milioni 20 kwa taarifa za watoto wa Xbox. Wewe wape nafasi ya mgeni, hedifoni usiwape, na picha zao wakishinda mashindano usiziweke kwenye status bila mzazi kukubali.

Hilo linatufikisha kwenye daftari lako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya 2022, ilianza kutumika Mei 1, 2023. Anayekusanya taarifa za watu anapaswa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na sheria inaziita taarifa za watoto na za miamala ya fedha kuwa nyeti. Daftari lenye majina, namba za simu na nani kalipa nini kwa simu lina vyote viwili. Kamera ya usalama nayo inakusanya. Njia rahisi ni kutokukusanya: andika namba ya mashine, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, na kiasi. Jina la nini? Deni la mteja andika kwa jina la utani, na akilipa chana ukurasa. Ila angalia: kama una kompyuta za kuuza intaneti pia, kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizoanza 2018 na kuandikwa upya 2020 zina masharti kwa migahawa ya intaneti, yakiwemo ya kamera na kumbukumbu za watumiaji. Hapo waulize TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kabla ya kuchana chochote.

Sababu ya kutotunza usichokihitaji si usafi wa daftari tu. Chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, mkuu wa kituo cha polisi anaweza kutoa amri kwa mtu yeyote mwenye taarifa zinazohitajika kwenye upelelezi azitoe. Mwaka 2016 waendeshaji wa JamiiForums walifikishwa mahakamani baada ya kukataa kutoa taarifa za waliokuwa wakiandika huko. Wao walikuwa na mawakili. Wewe una banda.

Na intaneti yenyewe ina jina lako. Laini za simu zinasajiliwa kwa alama za vidole tangu Mei 2019. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na usiyoitambua nenda ukaifute. Kila kinachotoka kupitia ruta yako, kwa mtoa huduma kinaonekana kimetoka kwako. Yaliyomo hayaoni, kwa kuwa karibu kila kitu leo kimefichwa, lakini anaona seva gani, saa ngapi, na kiasi gani. Mteja akikaa kwenye benchi lako akaandika kwenye simu yake neno linalomtafutia kesi, njia ya kurudi inaanzia kwako. Hapo ndipo siasa za bandani zinapoweza kukufikia, ndugu yangu, si kwenye padi.

Kwa hiyo Wi-Fi ya mashine iwe ya mashine. Ingia kwenye ruta kwa anwani iliyo kwenye kibandiko chake, mara nyingi 192.168.8.1 au 192.168.0.1. Badilisha nenosiri la kuingilia ruta, ambalo si lile la Wi-Fi. Wengi hubadilisha la Wi-Fi na kuacha la ruta likiwa “admin”. Zima WPS, ile njia ya kuunganisha kifaa bila kuandika nenosiri. Kama ruta ina tundu la LAN, unganisha PS kwa waya, uzime kabisa Wi-Fi. Gemu nalo litatulia. Ukitaka kuwapa wateja intaneti kama kivutio, washa mtandao wa wageni wenye nenosiri linalobadilika kila wiki. Usimwambie mmoja ukidhani umemwambia mmoja: simu za Android zinatoa QR ya Wi-Fi, na benchi zima litakuwa limeingia kabla hujageuka. Kuzuia kwa anwani za MAC, yaani namba ya utambulisho ya kila kifaa, hakusaidii sana siku hizi, simu zinazibadilisha zenyewe.

VPN sasa, yaani njia ya kuficha mawasiliano yako kwa kuyapitisha kwenye seva ya mbali. PS haina programu ya VPN. Itabidi iwekwe kwenye ruta au uirushe kutoka simu au kompyuta, na gemu litaanza kukwamakwama kwa sababu data inazunguka mbali. Oktoba 2023 TCRA ilitoa tangazo la kuwataka wanaotumia VPN wazisajili kufikia Oktoba 30, ikinukuu kanuni za 2020 zinazokataza kutumia teknolojia kufikia maudhui yaliyozuiwa. Adhabu yake inaanzia shilingi milioni 5 au kifungo cha miezi 12. Mei 2025 mtandao wa X ulipofungwa nchini, wengi walizikimbilia hata hivyo. Maoni yangu ni kwamba kumdai raia asajili kifaa cha faragha ni kukiondolea maana yake, lakini hayo ni maoni, na kanuni bado ipo. Kwa banda lako VPN haiongezi kitu: haifichi jina la mteja aliyeingia kwa akaunti yake mwenyewe, na ile ya bure inamhamishia muuzaji usiyemjua imani uliyokuwa umempa mtoa huduma. Ukiiweka kwenye ruta inayotumiwa na benchi zima, utakuwa umelibeba wewe jukumu la kila wanachofungua.

Tena intaneti ikizimwa yote, VPN haina pa kupita. Ndivyo ilivyokuwa kuanzia Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, na kwa siku kadhaa baada yake. Banda lililotegemea mtandao lilifunga mlango. Gemu za CD zinaendelea bila intaneti. Gemu za kupakua zitaonyesha kufuli, isipokuwa akaunti iliyozinunua iwe imewasha “Activate as Your Primary PS4” kwenye PS4 hiyo, au “Console Sharing and Offline Play” kwenye PS5 hiyo. Akaunti moja, mashine moja ya kila aina. Lijaribu leo: chomoa waya wa ruta, fungua kila gemu. Ikiwa PS5 yako ni Slim yenye kisomeo cha CD cha kubandika, kisomeo hicho kinahitaji intaneti mara moja kutambulishwa kwenye mashine, kwa hiyo usikinunue wiki ya uchaguzi. Na PS4 zako zina umri. Betri ndogo ya saa iliyo ndani, CR2032, ikifa huku mfumo ni wa kabla ya toleo 9.00 la Septemba 2021, mashine inaweza kukataa gemu za kupakua, na hata za CD, mpaka iingie PSN kurekebisha saa. Sasisha mfumo wakati mtandao upo, na siku fundi atakapoifungua PS4 kusafisha vumbi, mwambie abadilishe betri hiyo.